Poda Kwenye Injini

Mkunga alirudi kutoka zamu ya usiku jua likiwa limeshapanda ukutani, akaisukuma pikipiki yake hadi uani na kuisimamisha kwa stendi ya kati. Chini, kwenye saruji, palikuwa na doa jeusi la mafuta lililokuwa likinenepa wiki hadi wiki. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alilitazama doa, akamtazama na mkamwana wake, halafu akasema kwa upole kwamba mnyama huyo sasa ana kidonda, na kidonda hakingoji mtu amalize usingizi.

Wawili hao walikuwa wakiishi pamoja tangu mtoto wa bibi huyo, mume wa mkunga, alipopata kazi ya mbali, na walikuwa wamezoeana kiasi kwamba hata ugomvi wao ulikuwa wa sauti ya chini. Mwanzoni pikipiki ilimkera bibi. Hakupenda kumwona mke wa mwanawe akipita barabarani kama anakwenda vitani. Siku hizi hakuweza kutulia asubuhi mpaka ausikie mlio wake ukikata kona.

Fundi wa mtaa wa pili alitaka aachiwe pikipiki siku mbili, na mkunga hakuwa na siku mbili za kwenda kazini kwa miguu. Basi fundi, mtu asiye na choyo, alimuuzia pakiti ya mipira ya kuzibia injini na kumwelekeza: mafuta huteremka, kwa hiyo yanapodondokea sipo yanapotokea. Aoshe injini, aikaushe, aipake poda, kisha aiwashe. Mafuta yatajichorea njia yenyewe.

Poda haikukosekana katika nyumba ya mkunga. Alisugua injini kwa brashi na maji ya sabuni, akaifuta mpaka ikakauka. Lakini alipochukua kopo, mama mkwe alilipokea bila kuomba, akainama, akaanza kupaka. Hakunyunyiza ovyo. Alitia kiganjani, akapuliza kidogo, akapapasa mbavu za injini moja moja na kwenye mikunjo yote, kama anayempaka mtoto aliyetoka kuoga. Mkunga, macho yakimchoma kwa kukesha, aliwaona watoto wawili aliowapokea alfajiri ile, na injini, na mikono ile iliyokunjamana, vyote vikielea katika weupe mmoja. Akahofia kidogo kwamba injini ingelia.

Ililia, ila ni kwa sababu aliipiga kiki. Waliiacha ingurume, wamechuchumaa bega kwa bega. Kwa kitambo poda ilibaki nyeupe. Kisha, chini ya ukingo wa kifuniko cha juu kabisa, ukatokea uzi mweusi mwembamba, ukashuka polepole katikati ya weupe.

"Hapo," mama mkwe alinong'ona, kana kwamba wangeushtua.

Mkunga akazima. Injini ilikuwa ya moto, haifunguliki mpaka ipoe, basi akajilaza mkekani, kivulini, spana mkononi, akisema ananyoosha mgongo tu. Usingizi ukamchota. Akaota anaendesha katika barabara nyeupe isiyo na sauti, uzi mweusi ukimfuata nyuma, na wala hakuogopa kupotea.

Alipozinduka, kivuli kilikuwa kimemhama, na kuna aliyemfunika shuka asichomwe na jua. Akalivuta kidogo. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya pikipiki, mikono miwili kwenye usukani, macho ameyafumba. Kiupepo kilikuwa kikicheza na ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Mkunga alijiinua kwa kiwiko. Akauliza, "Unakwenda wapi, mama?"

Bibi hakufumbua macho. "Nimesharudi."

Mkunga hakumcheka. Alimshika mkono, akamshusha, wakarudi kazini. Bolti zililegea bila ubishi na kifuniko kikatoka. Mpira wa zamani ulikuwa umekakamaa, ukavunjika ulipoguswa na ukucha. Akaufuta mfereji wake kwa kitambaa, akaulaza mpira mpya humo kwa kidole, bila kuupinda, akakirudisha kifuniko. Na wakati akikaza bolti, hii kidogo, ile kidogo, asizidishe nguvu, mama mkwe alimsimulia alikokwenda: kwao, kwenye kijito alikokuwa akifulia, ambako marehemu mumewe alisimama ng'ambo, kijana, suruali ameikunja hadi magotini. Alisimulia bila huzuni, kama mtu aliyetoka dukani.

Wakaipaka injini poda upya, wakaiwasha. Waliungoja ule uzi, hata mchele ukasahaulika mlangoni na ndege wakaugawana. Haukutokea. Ukingo ulibaki mweupe wote.

Mkunga alizima, akakaa kitako sakafuni, mikono imejaa poda na mafuta.

"Na mimi ulinikuta huko?" aliuliza.

"Nilikukuta," alisema mama mkwe. "Ulikuwa umelala. Sikutaka kukuamsha."