Jumamosi za Shangazi Mwanamwema

Mwanamwema hakuacha kupiga hodi. Hata lifti ya jengo lao la Hounslow, London, ikifunguka tupu, alisema "hodi" ndipo akaingia. Haifa, binti wa kaka yake, ambaye Mwanamwema alimlea mwenyewe, aliona haya mbele ya majirani.

Wiki nzima Mwanamwema alitunza wazee majumbani mwao. Jumamosi, siku yake ya kupumzika, aliwapeleka mabibi wa Kipemba kwa daktari, na Haifa, tangu ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyewatafsiria.

Kisha Haifa akataka kusomea udaktari. Akasikia shuleni kwamba vyuo vinapenda watoto wenye shughuli nyingi nje ya darasa. Akajiandikisha midahalo, chesi na kwaya. Jumamosi zikaliwa zote.

"Nenda, mwanangu," Mwanamwema alisema. "Mie na Kiingereza changu cha kuokoteza tutajikokota."

Siku tano kabla ya maombi ya vyuo kufungwa, mwalimu wa Haifa, Bi Tejal, alimrudishia maelezo aliyoandika kujieleza kwa vyuo.

"Klabu tatu, na hakuna hata moja uliyodumu nayo," alisema. "Hivi hakuna mtu uliyewahi kumfaa?"

Walikuwapo, ila Haifa hakuthubutu kuwataja. Nyumbani alifundishwa kuwa wema ukitangazwa ni ria, na thawabu zake hupeperuka. Aliyemfundisha ni Mwanamwema mwenyewe.

Jioni alimkuta jikoni akichambua mchele.

"Shangazi, nikiandika habari za Bi Mize na wale mabibi wenzake wa Jumamosi, si nitakuwa najionesha?"

"Unaandika usifiwe?"

"Nipate nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Haifa alifikiri. "Niwatibu mwenyewe. Nimechoka kupokeza maneno tu."

"Basi hiyo si ria. Andika. Lakini usimtaje Bi Mize kwa jina, wala tumbo lake. Atanitoa roho!"

Walicheka hadi mchele ukamwagika. Haifa aliandika usiku ule ule, na nafasi akaipata.

Sasa yuko mwaka wa nne wa udaktari, na kila anapomwelewa mgonjwa, huona kwamba aliyemfundisha kwanza ni shangazi yake.

Mwanamwema alifariki majira ya kuchipua. Siku ya mwisho wodini, Haifa alimshika mkono, akaanza kumshukuru. Mwanamwema akamkatiza.

"Nimesikia, mwanangu. Yule mama wa Kikongo kitanda cha pili hajui ila Kiswahili, na tangu asubuhi hajui anatiwa dawa gani. Nenda kamweleze."