Mwanamke Niliyemkataza Kuonja

Siku zile nilikuwa na ulimi mkali, na kacheo kadogo kalikozidi kuniharibu. Shirika la matibabu lilinipa kazi ya kutafuta wanawake wa kujitolea katika mitaa ya Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo. Kila mmoja alikaa na pakiti za chumvi na sukari nyumbani kwake, ili mtu akishikwa na kipindupindu anyweshwe mapema kabla ya kupelekwa zahanati. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Wengi tulikuwa tumerudi kutoka Kongo, mimi mwenyewe nimezaliwa Goma, na watu waliishi ukuta kwa ukuta bila kujuana. Jirani akikupa maji, unamtazama mikono kwanza.

Huku kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele yako. Hata soda haifunguliwi jikoni. Tunaiita adabu, lakini tusidanganyane: watu wanaogopa sumu.

Mjitolea wangu hodari kuliko wote alikuwa mjane mmoja wa mtaa wa Mbugangari, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, umri wa mama yangu. Hakulipwa chochote, isipokuwa fulana ya shirika. Alikoroga dawa kikombeni, akapiga funda moja, ndipo akampa mgonjwa. Nao walikunywa! Mitaa mingine ilikuwa inazika, wake hapana.

Siku moja nilimkuta akionja, akimnywesha mwanamume anayetapika, kisha akionja tena kikombe kilekile. Nikawaka mbele ya watu wote.

"We mama, unatafuta kufa? Kikombe ya mugonjwa ni ya mugonjwa!"

"Mutoto yangu, nisipoonja hawatakunywa," alisema polepole. "We si wa hapa? Unajua."

"Ukionja tena, hiyo fulana unavua."

Vikombe viwili tu vingetosha. Angemimina kidogo kwenye chake, akanywa, basi. Mjinga mimi, sikuliwaza hilo, kwa sababu nilikuwa nafurahia kufoka.

Alinitii. Wiki haikuisha, mpangaji mgeni wa chumba cha jirani akamletea binti yake mdogo, macho yameshazama. Mjane akakoroga dawa, akamnyooshea mama mtu kikombe. Yule mama akangoja.

"Onja."

"Nimekatazwa."

Hebu fikiria jibu hilo kwenye masikio ya mama wa watu! Aliimwaga dawa chini, akambeba mtoto mgongoni, akakimbia kwa miguu kwenda zahanati. Alipomfungua, mtoto alikuwa ameshakufa.

Kufikia kesho yake mtaa mzima ulikuwa unasema neno moja: alikataa kuonja. Sambaza zake zikaozea kwenye beseni. Watoto walikatazwa kupita mlangoni kwake.

Akaja ofisini kwangu, amevaa kitenge chake cha kanisani. Hakulia wala hakunilaumu. Nadhani ningefurahi angenitukana.

"Jumapili, watu wakitoka misa, kuja kwangu," alisema. "Useme ni we ulinikataza. Halafu unywe chai yangu, wakuone. Ukinywa we wa shirika, nao watanirudia. Usipokunywa, bon, mi sina tena mahali ya kuishi hapa."

Nikamwahidi. Nilimshika hata mikono.

Jumapili walikuja wengi, wakasimama uani wakiwa na nguo zao nzuri. Mama wa yule mtoto naye alikuwepo, nyuma kabisa. Nikaeleza kwamba ni sheria ya shirika, kwamba ni usafi, kwamba vijidudu haviheshimu desturi. Nilisema "sheria" mara nyingi sana. Neno "mimi" halikutoka.

Mjane akamimina chai kutoka kwenye chupa, bado inatoa moshi. Akanywa funda, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

Chai iliyochemka haina kipindupindu. Nililijua hilo vizuri, nilikuwa nawafundisha wengine. Nikainua kikombe hadi mdomoni, na mkono ukagoma. Nikayakumbuka maneno yote ya mtaani. Nikafikiria yule mtoto, nikafikiria kwamba kama kweli mwanamke huyu ana sababu ya kumwekea mtu sumu, mtu huyo ni mimi. Sikuogopa ugonjwa. Nilimwogopa yeye.

"Samahani mama," nikasema. "Nimetoka kula sasa hivi."

Huko nyuma mtu akaguna. "Eh! Mumeona?"

Mjane alikichukua kikombe mikononi mwangu, akakinywa chote pale pale, moto ule ule, machozi yakimtoka kwa kuungua, kisha akakipindua ili waone halijabaki hata tone. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka.