Konzi ya Unga ya Mama Aliyefungiwa Meza

Mwaka ule nzige walipomaliza ulezi, sisi wa milimani juu ya Isongole tulikula mizizi ya migomba. Wajukuu wangu wakisikia hivyo wanacheka. Unaikata, unaianika, unaitwanga, unachanganya na unga kidogo kama upo, halafu tumbo linakaa kama limemeza udongo. Nzige wenyewe pia tuliwakaanga tukala, na walikuwa watamu, nisiseme uongo. Lakini waliruka wakaenda zao, sisi tukabaki na mashamba matupu.

Nilitaka kusema habari ya konzi. Kanisani kwetu kila mwanamke, kabla ya kusonga ugali, alitoa konzi moja ya unga, mkono mmoja uliojaa, akaitia katika kibuyu kando ya mafiga. Jumamosi nilipita nyumba hadi nyumba kilimani kwetu kukusanya, na Jumapili baada ya ibada wazee waligawa kwa wajane na wagonjwa. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, mume wangu yuko ng'ambo kwenye migodi ya shaba. Kazi hiyo nilipewa kwa kuwa niliweza kusoma majina. Masomo yangu ni miaka miwili kwa mwalimu wa kanisa, na nusu ya huo wa pili niliugua macho.

Nyumba moja nilikuwa nairuka. Mwenyewe alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Kabla ya njaa alipika pombe ili majirani waje kumlimia, maana hakuwa na mwanamume wa kushika jembe. Kanisa lilikataza pombe, likamfungia meza ya Bwana, asishiriki mkate na divai. Aliyefungiwa hapokei konzi, wala konzi yake haipokelewi. Ndivyo ilivyokuwa, nami sikuuliza.

Jumamosi moja akanisimamisha njiani, kibuyu mkononi.

"Wewe mke wa watu, unaruka mlango wangu kama unaruka mavi ya ng'ombe?"

"Mama, si mimi. Ni wazee."

"Wazee wana miguu yako? Shika. Nimefungiwa meza, sikufungiwa mkono."

Kilikuwa kimejaa. Unga mweusi wa ulezi na mizizi, konzi za wiki nyingi. Nyuma yake mtoto wake mdogo alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba inang'aa. Niliiona ile miguu. Nikapokea kibuyu.

Sasa, baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa, na kwa kabila letu mke hasemi na baba mkwe uso kwa uso, wala hakanyagi njia moja naye. Nikikutana naye nilijitupa majanini. Kwa hiyo nilisemea nyuma ya ukuta wa jikoni, na mama mkwe akawa anayapeleka maneno. Mama mkwe alikuwa mtu wa kupunguza. Mimi nilisema, "Mtoto wake anavimba, watakufa pale." Yeye akapeleka, "Anasema yule wa pombe ameleta unga."

"Aurudishe," nikasikia baba mkwe.

Nikaurudisha. Mama yule akaweka mikono nyuma.

"Nimempa Mungu. Wewe unanirudishia kama nani?"

Nikakaa na kibuyu kile siku nzima kama mtu aliyeokota mtoto. Jioni nikamwambia tena mama mkwe, naye safari hii akafikisha yote. Baba mkwe akasema jambo hili ni la baraza la wazee. Baraza likakaa Jumapili, wakabishana, wakaahirisha. Likakaa Jumapili ya pili, na baba mkwe, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisimama akasema kama unga ule ni najisi basi waanze na yeye, maana kabla pombe ile haijapikwa yeye aliombwa kwenda kumlimia mama yule akakataa. Wakakubali. Akamimina kibuyu kwa mkono wake katika kapu kubwa, na kesho yake akajitwika fungu la mama yule akapanda nalo kilima.

Mtoto alikuwa amezikwa Ijumaa.

Mvua zilipoanza wazee walikwenda kumlimia, wote, bila pombe, baba mkwe mbele na mgongo wake mbovu. Walilima hadi kwenye kale kakaburi, wakakazunguka na majembe polepole. Watu wengi wanakumbuka siku hiyo kwa wema, na ulikuwa wema, sibishi. Kanuni ile ya kukataa konzi ya aliyefungiwa haikurudi tena.

Lakini mimi nina langu. Wiki zile mbili nyumbani kwetu tulikuwa na unga. Si mwingi, ila ulikuwepo. Kanuni ilikuwa ya konzi. Uji haukuwa na kanuni. Ningepika uji, ningeubeba chini ya nguo, mwendo wa kupanda kidogo tu, asingeniuliza mtu. Wala wazo hilo halikunijia kichwani. Nilikuwa nangoja neno lizunguke ukuta lirudi.

Siku ya kulima nilipeleka maji shambani. Nikampa mama yule kata, nikapiga magoti, nikasema, "Mama, nisamehe, niliiona ile miguu."

Akanywa akamaliza.

"Na mimi niliiona," akasema, "na kibuyu changu kimejaa unga." Akanirudishia kata, akainama kuendelea kulima.