Milioni Moja na Tatu

Asajile alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha chai mwaka 1994, wakati mashirika yalipoanza kuuzwa. Wenzake wengine walifungua vibanda Tukuyu mjini. Yeye alirudi kwao Lupepo, akakaa kibarazani na swali aliloachiwa na mwalimu wake miaka thelathini nyuma: ukishapita milioni moja, namba tasa ya kwanza ni ipi? Yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.

Milioni moja na moja iligawanyika kwa 101. Milioni moja na mbili ni shufwa. Akaishika milioni moja na tatu, akaigawanya kwa mkono, kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu. Kupita hapo hakukuwa na haja, maana elfu mara elfu ni milioni.

Jirani yake, Debora, alimtazama wiki tatu. Mwanamume mzima hashiki jembe, anaandika, anatikisa kichwa, anaandika tena. Siku zile za vyama vingi watu walichungana, na Debora alidhani anaorodhesha majina. Kisha upepo ukaleta karatasi kwenye migomba yake. Katikati ya tarakimu paliandikwa: "Tasa? 31 imeshindwa. 37 imeshindwa. Endelea mpaka mwisho."

Ikupa, mke wa mwana wa Debora, alikuwa na mwaka wa nne kwenye ndoa bila mtoto, na Debora akaona ndiye anayerogwa.

Kesho yake alimshtaki Asajile uani kwa Ezron, mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya nusu ya majirani.

"Mzee, huyu tasa ni nani?" Ezron aliuliza.

"Ni namba, mwenyekiti. Shuleni ndivyo tulivyofundishwa kuziita."

"Mtu mzima anatafuta namba ya nini?" Debora alidakia. "Nani kamtuma?"

Ikupa, aliyemaliza darasa la saba, aliomba karatasi na kalamu. Akagawanya kwa 37 mbele yao.

"Inabaki nne. Mama, hii ni hesabu ya kweli."

"Hata mchawi anajua hesabu."

Ezron akaamua: kazi imalizwe palepale, watu wakiona. Zilibaki namba arobaini na moja. Asajile aligawanya, Ikupa akahakiki, na Debora akakaa kwenye kigoda akitazama mikono yao badala ya karatasi. Siku ya pili mchana walifika 997, ya mwisho. Ilibaki kumi na mbili.

"Ni tasa," Ikupa alisema kwa sauti.

Neno hilo watu walilisema akishageuza mgongo, naye alijua. Sasa alilitamka mwenyewe, kisha akacheka. Asajile alimpa mkono.

Debora hakucheka. Alimtaka Ezron azifungie karatasi zote kabatini, naye akazifungia. Njiani kurudi Debora alimtanguliza Ikupa, ili amchunge vizuri.