Mstari wa Miezi Mitatu

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na ofisi nyingi za Babati zilikuwa zinanuka rangi mbichi, nilipoajiriwa kuandika programu ya kompyuta kwa ajili ya kliniki ya watoto. Tulikuwa wawili tu: mimi, binti niliyetoka chuoni nikijiona najua kila kitu, na mkuu wangu, mama mtu mzima mwenye maneno machache. Alikuwa ameandika kanuni za kazi kwa mkono na kuzibandika ukutani. Mbili zilinikera. Sehemu ya programu inayochora ichore kilichopimwa tu, isijaze pengo. Na kisanduku cha kuingizia namba kianze kitupu, mpaka mtu aandike mwenyewe.

Niliziona za kizee. Kazi yangu ilikuwa ukurasa wa uzito: muuguzi anaingiza kilo za mtoto, anabonyeza Hifadhi, na mstari unachorwa mwezi kwa mwezi. Namba ikikosekana, mstari ulikatika, na mimi sikupenda kuona kitu kimekatika. Basi nikafanya kisanduku kije na uzito wa mwezi uliopita. Muuguzi akipata namba nyingine, si atabadilisha? Mkuu wangu alikuwa Arusha siku nilipoipeleka programu kliniki. Wauguzi waliisifu, nikavimba kichwa.

Sikuwahi kukaa pale siku ya kliniki hata asubuhi moja. Ningekaa, ningejua kwamba mama aliyetembea kutoka shambani na mtoto mgongoni harudishwi hivi hivi. Mizani ilipoharibika, wauguzi waliendelea kuwapokea. Walichanja watoto, wakafungua jina la kila mmoja, wakabonyeza Hifadhi, kama walivyozoea kuweka alama kwenye daftari kuonyesha kwamba mama amehudhuria. Hawakumdanganya mtu. Programu yangu ndiyo iliyochukua kilo za mwezi uliopita na kuchora.

Jirani yangu pale mtaani Bagara alikuwa na binti wa miezi kumi na mmoja. Jumamosi moja alinikuta uani nafua nguo.

"Dada, hebu mshike huyu. Humuoni kawa mwepesi?"

Nilifuta povu nikampokea. Alikuwa mwepesi, na alilaza kichwa begani kwangu bila kugeuka kumtafuta mama yake. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimefungua mstari wake kliniki, kwa kupenda tu kazi yangu, nikaona miezi mitatu umenyooka vizuri.

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Nimeona kwenye kompyuta, hajapungua hata nusu kilo. Anaota meno huyo."

Aliniamini, maana mimi ndiye niliyesoma. Akakaa siku tisa nyingine kabla ya kumpeleka hospitali. Huko mtoto hakumaliza siku mbili.

Mkuu wangu alipogundua nilivyokijaza kisanduku, hakunigombeza. Natamani mpaka leo angenifokea. Alivuta kiti akakaa kando yangu, akasema, "Andika upya, mimi niko hapa," nami nikaandika huku nalia. Tulikwenda kliniki tukaulizia miezi ambayo mizani ilikuwa mbovu, tukafuta namba zote za miezi hiyo. Kazi ile ilituchukua siku nne.

Baada ya arobaini, jirani alinijia nyumbani.

"Sina hata picha yake moja," alisema. "Nasikia kwenye kompyuta kuna mchoro wa alivyokuwa anakua. Nitolee hata karatasi."

Nilikuwa bado na nakala ya mchoro wa zamani, usiokatika. Nakiri nilifikiria kumpa huo, tena kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Kesho yake nikampelekea ule wa kweli. Aliuweka juu ya magoti, akaufuata kwa kidole tangu kuzaliwa, mwezi hadi mwezi, ukipanda, mpaka pale ulipoishia na karatasi ikabaki nyeupe.

"Hapa mbona hakuna kitu? Na mimi nilimpeleka kila mwezi."

"Ulimpeleka. Hakupimwa, mizani ilikuwa imeharibika. Siku ile uliponiuliza, nilikujibu kwa namba niliyoijaza mimi. Nisamehe."

Aliendelea kuitazama karatasi. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Sawa, dada," akasema. "Lakini si ulimshika?"