Siku Niliyoenda Chekechea na Magwanda
Mimi ni fundi wa magari jeshini hapa Durban, na kawaida nabadilisha nguo kambini kabla ya kurudi nyumbani. Mwanangu wa miaka minne huchukuliwa chekechea na jirani yetu, mama wa Kikongo. Siku hiyo jirani akapiga simu: "Mama, mvua imenifunga huku mtaa wa Jacobs, wende umutwae weye." Nikaomba ruhusa ya saa moja, nikaenda mbio na magwanda yangu.

Mwalimu alikuwa hajawahi kuniona. Akamuuliza mtoto, "Unamjua huyu?"

Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mwalimu. "Askari," akasema.

Basi, hakunipa. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akasema picha kila mtu anaweza kuwa nayo. Niliudhika, lakini alikuwa na haki. Hata mimi nikiwa zamu getini simpitishi mtu kwa maneno tu. Na saa yangu ilikuwa inakwisha.

Nikavua kofia na koti, nikachuchumaa mlangoni na fulana yangu ya grisi. Mtoto akachungulia, akasogea, akaninusa shingoni.

"Mama, unanuka gari."

"Eish, kumbe," mwalimu akacheka. "Mchukue. Lakini siku nyingine vaa kama watu."

Njiani mtoto aliniuliza kama yule askari ameshaondoka. Nikamwambia ameondoka. Sijui kama nilifanya vizuri, maana koti lilikuwa mkononi, na kambini walikuwa wananisubiri nilivae tena.