Sauti Moja ya Arlene Piontek

Arlene Piontek alipuliza tarumbeta miaka saba katika kikosi cha ngoma na matarumbeta cha Kewasko, na kwa miaka hiyo yote baba yake hakumsikia hata siku moja. Si kwamba mzee Florian alikuwa kiziwi, ingawa mashine za kiwanda cha karatasi zilikuwa zimeshalila sikio lake la kushoto. Alikwenda kutazama mashindano mara mbili, akarudi nyumbani amenuna.

"Nimesikia kelele za watu sitini," alisema mezani, akichambua miiba ya samaki. "Wewe ulikuwa wapi humo?"

"Nilikuwa humo humo, Baba."

"Basi unajua kujificha."

Ilimuuma, na haikuwa haki. Kikosi kama kile kinafundishwa kutwa nzima juani ili mtu mmoja asisikike. Miguu sitini ishuke kama mguu mmoja, vifua sitini vivute pumzi mara moja. Bwana Otto Lemke, mkufunzi wao, aliyekuwa mpiga tarumbeta jeshini na kurudi kutoka vitani na goti lisilokunjika, alikuwa na karipio lake moja kwa wanakikosi wapya: "Nikikusikia wewe, ujue umeharibu." Sasa mweleze hayo mzee anayetaka kumsikia mwanawe.

Msimu wa mwaka 1969 ulikuwa wa mwisho kwa Arlene. Sheria za mashindano hazijadiliani na mtu: ukitimiza miaka ishirini na mmoja, unavua kofia yenye manyoya unaenda zako. Yeye angetimiza Septemba. Na katika msimu huo huo Bwana Lemke akampa kitu ambacho hakumpa mtu mwingine.

Matarumbeta yale yalikuwa na kitufe kimoja na swichi moja ya kidole gumba, basi. Kuna sauti za muziki ambazo hayakuwa nazo kabisa. Lakini bomba la swichi ya tarumbeta la Arlene lilikuwa limekatwa tofauti na la wenzake wote wa mstari wa sauti nzito, likatoa sauti ambayo hakuna mwingine angeweza kuitoa. Mwishoni mwa wimbo wa mwisho, Bwana Lemke aliwanyamazisha wengine wote. Sauti ya Arlene ikabaki peke yake hewani kwa hatua nne, kisha wenzake wakaingia chini yake kwa nguvu zao zote.

"Usidhani nakupendelea," Bwana Lemke alimwambia. "Ni tarumbeta lako tu. Na mapafu yako hayatetemeki."

Jioni ile Arlene aliingia nyumbani bila hata kuvua viatu. "Baba, mwaka huu utanisikia. Hatua nne, mimi peke yangu. Ukinikosa safari hii, ndiyo basi tena."

Mzee Florian alimtazama, akaendelea kutafuna. Kesho yake akaenda kubadilishana zamu na mwenzake ili Jumapili ya fainali awe huru.

Kuna desturi moja ya Kewasko lazima niitaje, kwa sababu bila hiyo mambo ya siku ile hayaeleweki. Waamuzi hutembea uwanjani katikati ya wachezaji, penseli mkononi, na kila kosa wanaloliona wanaliandikia doa. Doa moja ni sehemu ya kumi ya pointi. Mguu ukichelewa, doa. Kitu kikianguka, doa, na ukiinama kukiokota unapata la pili. Mwaka uliotangulia Kewasko ilishindwa na kikosi cha Port Averill kwa madoa mawili, na watu walilia mpaka wakachoka. Baada ya kila shindano Bwana Lemke aliwapanga karibu na basi, akasoma madoa moja moja, akauliza, "La nani?" Mwenye kosa alipiga hatua moja mbele na kusema, "Langu." Kikosi kizima kikajibu, "Limepata mwenyewe!" Yakaisha. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja tena, hata kwa utani. Lakini doa lisilopata mwenyewe lilikaa ndani ya basi njia nzima, na watu hawakuzungumza.

Jumapili ile jua lilikuwa kali, na nyasi nyuma ya jukwaa zilinuka soseji za kuchoma. Kikosi kilipasha midomo moto kwa kupuliza kidogo, kikalaza matarumbeta chini kwa mstari mmoja ulionyooka, kila moja mbele ya nafasi ya mwenyewe, kikaenda kwenye ndoo ya maji. Mstari huo haurukwi. Hata Bwana Lemke na goti lake aliuzunguka.

Arlene alikuwa na kikombe mdomoni alipomwona baba yake, kofia mkononi na soseji ndani ya mkate mkono wa pili, amesimama upande wa ndani wa mstari wa matarumbeta.

"Mungu wangu! Baba! Huko hakupitwi!"

"Nimekuletea chakula."

"Nitakulaje nimevaa glovu nyeupe? Toka, toka hapo kabla Lemke hajakuona!" Alimshika mkono na kumzungusha hadi nje.

"Arlene, hapo kwenye vile vidude vyenu ni kwamba nili..."

Filimbi ililia.

"Baadaye, Baba! Nenda kakae! Upande wa kulia, juu, usije ukanikosa!"

Alikimbia kwenye nafasi yake, akaokota tarumbeta lililokuwa mbele yake. Pembeni yake Gerard Vandehey, kijana mrefu wa miaka kumi na tisa asiyeisha kumung'unya pipi za minti, akaokota lililo mbele yake. Kuanzia filimbi ile hakuna kusema. Wakaenda kwa hatua hadi mstari wa kuanzia, Gerard akapelekwa kwenye safu ya kushoto na Arlene kwenye safu ya kulia, uwanja mzima kati yao.

Gumba lake ndilo lililojua kwanza. Swichi ya tarumbeta lake alikuwa ameizungushia plasta, kwa sababu chuma chake kilikuwa kinamkata. Sasa gumba lilikuwa linagusa chuma kitupu. Alijiambia plasta imebanduka. Bastola ya mwanzo ikalia, matarumbeta yote yakainuliwa, naye alipoweka mdomo akaonja minti.

Alikuwa ameshika tarumbeta la Gerard, na ile sauti yake haimo humo hata angepuliza mpaka azimie.

Miguu iliendelea, maana ilikuwa imefundishwa kuendelea. Dakika mbili za kwanza alipuliza bila kujua anapuliza nini, huku kichwani akipiga hesabu ya kichaa. Asipoitoa ile sauti, hatua nne zitakuwa kimya kitupu, na mwamuzi wa muziki si mjinga, ataandika. Na juu kule kulia amekaa mtu aliyebadilisha zamu. Mistari yao miwili ingepishana mara mbili: mara moja baada ya wimbo wa polepole, na mara ya pili wakati ngoma zinapigwa peke yake, matarumbeta yakiwa yameshushwa ubavuni, kabla tu ya wimbo wa mwisho. Baada ya hapo hakuna tena.

Mara ya kwanza walipopishana, Gerard alikuwa anamtazama kabla hata hajafika. Naye alikuwa ameshajua. Uso wake ulikuwa umekaza mbele kama sheria inavyotaka, macho tu ndiyo yalimgeukia. Arlene akainua gumba moja kidogo juu ya swichi. Gerard akafumba jicho moja. Wakapita.

Kubadilishana matarumbeta mbele ya waamuzi ilikuwa ni wazimu, na wote wawili walijua. Kwa Gerard hakukuwa na haja yoyote: wenzake kumi na mmoja walikuwa wanapuliza sauti zile zile zake, angenyamaza tu na hakuna ambaye angegundua. Alikuwa na misimu miwili mbele yake. Angeweza kutazama pembeni na kumwacha Arlene na balaa lake. Nami nasema wazi, wengi wetu tungetazama pembeni.

Ngoma zikaanza kupigwa peke yake. Mistari ikageuka na kuanza kusogeleana. Mwamuzi mmoja, mwanamume mfupi mwenye shati lililolowa mgongoni, alikuwa anatembea kinyumenyume katikati, ubao wa karatasi kifuani. Hatua nane. Arlene alihamishia tarumbeta mkono wa kulia. Hatua nne. Mwamuzi aligeuka kuwaangalia wabeba bendera. Hatua mbili. Jasho lilimwingia jichoni na hakupepesa.

Bega kwa bega. Mkono wake wa kushoto ulidaka tarumbeta na kidole kikakuta plasta, na furaha ikamjaa kiasi kwamba mkono wa kulia ukaachia nusu hatua mapema.

Alilisikia likianguka. Lilitoa mlio wa bati juu ya nyasi kavu, mdogo, lakini kwake ulizidi ngoma zote. Hakugeuka. Hairuhusiwi. Mistari ilipozunguka kutazama jukwaa ndipo alipomwona Gerard. Hakuinama. Tarumbeta lake lilikuwa limelala mita ishirini nyuma, na mwamuzi mfupi alikuwa ameshalielekezea penseli. Na Gerard Vandehey, glovu mbili nyeupe hewani, ameshika tarumbeta lisilokuwepo. Pembe ya viwiko sawasawa, vidole vimekunjwa juu ya kitufe kisichokuwepo, kidevu juu, mashavu yanajaa na kupungua kwa wakati wake. Watu wa jukwaa la chini walianza kucheka. Wakaacha, kwa sababu hakukosea hata kidogo.

Wimbo wa mwisho ulipanda, ukapanda, ukafika kileleni, na sitini wakanyamaza.

Akapuliza.

Moja. Mbili. Haikutetemeka. Tatu. Alijua kwamba uwanja mzima unasikia mtu mmoja na kwamba mtu huyo ni yeye, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Nne. Wenzake wakaingia chini yake na watu wa jukwaa wakasimama.

Port Averill walishinda kwa doa moja.

Walipangwa karibu na basi, jua likiwa bado kali, familia zao zikiwa zimesimama pembeni. Baadhi ya wasichana walikuwa wanajifuta machozi kwa glovu. Bwana Lemke alisoma madoa ya kawaida, mguu huu, bendera ile, na kila moja likapata mwenyewe. Kisha akafika la mwisho.

"Mstari wa sauti nzito. Tarumbeta limeanguka. Doa moja. La nani?"

Gerard alipiga hatua mbele kabla swali halijaisha. "Langu. Mkono ulikuwa na jasho."

Watu walivuta pumzi ya kujibu. Arlene alimwona baba yake nyuma ya kamba, karibu na boneti la basi, kofia mkononi, amejaa fahari kwa mara ya kwanza tangu binti yake azaliwe. Angenyamaza tu. Jibu lingetoka, lingekwisha, na angeenda nyumbani na hatua zake nne safi.

Alipiga hatua mbele.

"Si lake. Langu. Tulikuwa tumebeba matarumbeta yasiyo yetu, yamebadilika. Tulibadilishana uwanjani ili niipate sauti yangu, na mimi ndiye niliyeachia mapema. Yeye hakuwa na haja ya kubadilisha."

Bwana Lemke alishusha karatasi. Shingo yake ilikuwa imeiva kwa hasira. "Yamebadilika? Yamebadilikaje? Matarumbeta yana miguu? Miaka kumi na minne nawafundisha kulaza matarumbeta chini!"

"Sijui, Bwana Lemke. Nililiokota mbele yangu."

Doa lilikuwa na watu wawili na bado halikuwa na mwenyewe.

Ndipo mzee Florian alipoinama na kupita chini ya kamba. Alitembea taratibu, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, akazunguka mwisho wa mstari, safari hii hakuuruka. Akaja akasimama ubavuni kwa mwanawe, sawa na ncha za viatu vyake, kisha akapiga hatua moja mbele.

"Nilijikwaa," alisema. "Nilikuwa nampelekea soseji. Nikayapiga teke mawili, nikayarudisha. Nilidhani yote ni mamoja." Aliibana kofia kifuani. "Langu."

Arlene alihisi uso unawaka, kwa hasira kwanza, hasira ya kweli, kisha hasira ikakosa pa kukaa. Bwana Lemke alimtazama yule mzee wa kiwanda kutoka kichwani hadi miguuni.

"Bwana Piontek, wewe si mwanakikosi."

"Najua. Lakini doa ni langu."

Bwana Lemke aliikunja karatasi. Kisha akainua kidevu kuelekea kikosi, na Gerard ndiye aliyeanza, kwa sauti kubwa kuliko wote:

"Limepata mwenyewe!"

Baada ya jibu hakuna kusema mpaka mkufunzi atoe ruhusa. Mzee Florian hakuijua sheria hiyo. Aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zima, karibu na kofia ya mwanawe, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea katikati ya mashine haijui kunong'ona.

"Lakini nilikusikia," alisema.

Bwana Lemke aligeuka upande wa basi, akajifanya hakusikia.